Picha ya 4K inakatika kanisani: piga hesabu kabla ya kununua kebo nyingine

Ndugu wa Katuba, umesema kamera yako inatoa 4K (picha ya pikseli, yaani nukta, 3840 × 2160) ya fremu 60 kwa sekunde, kebo ya HDMI ni ya mita 15, na kila dakika mbili tatu projekta ya kanisa inageuka nyeusi. Ulizidisha 3840 × 2160 × 60 × biti 24 za rangi za kila pikseli, ukapata karibu gigabiti 12 kwa sekunde, na kwa kuwa swichi ya HDMI, kile kisanduku cha kuchagua picha, inabeba gigabiti 18 ukaona nafasi ipo tele.

Haipo. Nilijidanganya vivyo hivyo kwenye harusi moja hapa Lubumbashi. Maharusi wanaingia, ekra giza, na sote tukamgeukia mtu wa jenereta, maskini, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Picha tunayoiona si yote inayosafiri. Pembeni yake kuna pikseli tupu: 4K kamili ni 4400 × 2250. Zidisha kwa 60, ni pikseli milioni 594 kwa sekunde. Tena HDMI 2.0 hugeuza kila biti 8 kuwa 10, hivyo pikseli ya biti 24 inasafiri kama 30. Jumla ni gigabiti 17.82. Swichi inapumua kwa shida, na shaba ya mita 15 haifiki huko.

Usikimbilie fremu 50. Pikseli tupu zinaongezwa, 5280 × 2250, na unarudi kwenye milioni 594 zilezile. (Nilipoteza jioni nzima kuligundua hilo.) Hata 4:2:2 (kutuma nusu tu ya taarifa za rangi) haikuokoi, maana kwenye HDMI inakula nafasi ileile. Kinachoshusha mzigo kweli ni fremu 30 au 4:2:0 (robo tu ya taarifa za rangi), zote gigabiti 8.91. Ila 4:2:0 hupunguza rangi, kwa hiyo maneno mekundu ya nyimbo juu ya weusi yatakuwa na ukungu.

Mimi ningeuliza kwanza: projekta yenyewe ni ya 4K? Kama ni ya 1080 (pikseli 1920 × 1080), tuma 1080 ya fremu 60 na mzigo unashuka hadi 4.455. Ukiweza, hamia 3G-SDI, muunganisho wa video wa studio: 2.97 tu, kwenye kebo ya koaksia ya ohm 75 inayofika mbali bila manung'uniko.

Jumamosi jaribu fremu 30 kwa saa nzima, kwaya ikifanya mazoezi, halafu utuambie modeli ya projekta.