Zile bilioni 4.5 za afya ya akili Kanada ziliishia wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Naandika toka Winnipeg, huku waswahili tuko wengi tu, wakongo, warundi, watz. Mdogo wangu ameingia kwenye madawa, kila tukimtafutia sehemu tunaambiwa jina liko kwenye foleni tusubiri simu, na simu haiji. Wakati wa kampeni za 2021 nakumbuka chama cha Liberal waliahidi hela maalum ya afya ya akili na uraibu, bilioni 4 na ushee, na kura yangu nikawapa. Hiyo hela ilitoka kweli au ndo basi tena? Dada wa Winnipeg.

JIBU: Dada, pole sana na mdogo wako. Hela za afya zimetoka, tena nyingi, ila lile fungu mliloahidiwa halikuanzishwa, na hivyo ni vitu viwili tofauti ambavyo wanasiasa wanapenda sana tuvichanganye.

Ilani yao ya 2021 ilisema wazi, ruzuku ya afya ya akili kwenda kwenye majimbo, dola bilioni 4.5 kwa miaka 5, fungu linalojitegemea. Na kwenye jedwali la gharama wakaweka kabisa mwaka kwa mwaka, milioni 250 kwa 2021/22 halafu milioni 625 kwa 2022/23, na hapo ndo pa kushikia maana ahadi yenye namba na mwaka inakagulika. Desemba ya mwaka huohuo Trudeau, waziri mkuu wa wakati huo, akampa Carolyn Bennett, waziri wa kwanza wa afya ya akili na uraibu kwenye serikali kuu, barua ya majukumu na fungu hilo limo. Ikaja bajeti ya Aprili 2022, unatafuta 250 huioni, unatafuta 625 huioni, kuna maneno tu kwamba mazungumzo na majimbo yanaendelea.

Februari 2023 wakatangaza mpango mkubwa wa afya, bilioni 196.1 kwa miaka 10, hela mpya humo ni bilioni 46.2. Ndani yake kuna bilioni 25 za mikataba ya jimbo mojamoja kwa mambo manne: huduma za daktari wa familia, wafanyakazi pamoja na foleni za matibabu, mifumo ya takwimu, na afya ya akili na uraibu. Yaani watoto wanne sahani moja, na anayepakua ni jimbo. Serikali ikajitetea kwamba afya ya akili imo humohumo, lakini mi naona walioahidi fungu lenye jina lake walitakiwa walete fungu lenye jina lake, manake likishachanganywa mtu kama wewe utalifuatiliaje? Na hii ni nchi iliyopoteza watu zaidi ya 50,000 kwa sumu ya opioidi (dawa kama heroini na fentanyl) tangu 2016, sio jambo la kuzungushana.

Kuna mtego mwingine. Mwaka 2017 serikali hiyohiyo ilishatenga bilioni 5 kwa miaka 10 kwa ajili ya afya ya akili na uraibu, kwahiyo mtu akikuonyesha mamilioni ya jimbo lako muulize kwanza, haya ni ya 2017 au ni mapya?

Kilichotimia nacho tukiseme. Namba ya simu ya msaada 988 ilifunguliwa tarehe 30 Novemba 2023, unapiga au unatuma meseji bure saa 24 kwa Kiingereza au Kifaransa, ni kwa mtu mwenye mawazo ya kujiua na hata kwa ndugu mwenye hofu juu ya mtu wake, iweke kwenye simu yako leo. Ila ule uwaziri wa afya ya akili haupo tena kwenye baraza aliloliunda Carney, aliyemrithi Trudeau, 2025, umerudi chini ya waziri wa afya.

Sasa wewe ufanyeje. Mkataba wa jimbo lako la Manitoba kwenye zile bilioni 25 uko wazi kwenye tovuti ya serikali kuu, mwishoni umebandikwa mpango kazi wa jimbo na jedwali la matumizi, nenda moja kwa moja kwenye mstari wa afya ya akili. Mikataba ile ya kwanza ilikua ya miaka mitatu, 2023/24 mpaka 2025/26, so mwandikie mbunge wako wa bunge la Manitoba na yule wa bunge la nchi kule Ottawa, wote wawili, kwa maandishi: kwenye ule mstari kiasi gani kilitumika, kwa vitanda vingapi vya kuacha madawa, na kwenye mkataba wa baada ya huo, hela ya mstari huo imeongezwa au imepunguzwa. Wakikujibu tutumie tuchapishe hapahapa.