Barua za Jaji John Marshall

Je, barua za Jaji John Marshall ni za sheria tu? Hapana, si za sheria tupu. Marshall alikuwa Jaji Mkuu wa Marekani kuanzia 1801 hadi 1835, na majaji wa enzi hizo walilazimika kusafiri mikoani kusikiliza kesi, kwa hiyo alimwandikia mkewe Polly mara kwa mara akiwa njiani. Nimezisoma katika juzuu 12 za nyaraka zake zilizochapishwa. Ile ninayoipenda zaidi ni ya Januari 1803 kutoka Raleigh: anamweleza kwamba dola 15 za fedha zimetoboa mfuko wa kizibao chake na kupotea njiani, na mizigo inapofunguliwa inaonekana suruali zimesahauliwa nyumbani! Mafundi cherehani wa mji wote wana kazi nyingi, hakuna wa kumshonea. Jaji Mkuu huyo.

Za biashara zipo pia, hasa na mdogo wake James kuhusu kulipia ardhi ya ukoo wa Fairfax huko Virginia, deni lililowasumbua miaka mingi. Ila angalia, tunasikia zaidi upande wa Jaji mwenyewe. Barua za Polly karibu zote zimepotea.