P ikizidi 0.05 ndio nimethibitisha hakuna tofauti?

SWALI: Habari mwalimu. Nimelinganisha mbinu mbili za kufundishia kusoma, programu imenipa p ya 0.08 na kikomo changu nilikiweka 0.05. Mwenzangu ananiambia niandike nimethibitisha mbinu zote ni sawa. Ni kweli? Alafu haya makosa ya aina ya kwanza na ya pili yananichanganya kila nikisoma, naomba unisaidie.

JIBU: Salama ndugu yangu. Hapana, usiandike hivyo kabisa. Jaribio linaanza na nadharia tete ya sifuri, yaani ile inayosema hakuna tofauti, na hiyo p ya 0.08 inakwambia hivi: kama kweli hakuna tofauti, basi kupata matokeo kama yako au yaliyozidi hapo kwa bahati tu kunatokea kama mara 8 kwa kila mara 100. Basi. Haisemi kuna asilimia 8 kwamba mbinu ni sawa, na hapa wanateleza hata watu wenye digrii zao.

Sasa makosa. Nadharia ya sifuri unaikataa pale p inapokuwa chini ya kikomo chako. Ukiikataa wakati ni ya kweli, hilo ndo kosa la aina ya kwanza, umeona tofauti isiyokuwepo. Ukishindwa kuikataa wakati ni ya uongo, hilo la pili, tofauti ipo ila imekupita. Kikomo cha 0.05, ambacho mtakwimu Ronald Fisher alikipa umaarufu tangu 1925, kinabana lile la kwanza tu, la pili hakilibani. Waliokuja kuyaweka makosa yote mawili mezani ni watakwimu Jerzy Neyman na Egon Pearson, na mimi naona hilo la pili ndo linasahauliwa sana, watu wanakariri 0.05 wanaishia hapo.

Chukua sarafu unayoishuku, irushe mara 100. Kwa kikomo cha 0.05 utasema ina kasoro ikidondokea kichwa mara 61 au zaidi, au mara 39 kushuka chini. Mara 60 haitoshi, p yake inakuja kama 0.057. Haya, tuseme sarafu kweli ni mbovu, inatoa kichwa asilimia 60 ya mara zote, unajua uwezekano wa kuikamata? Kama asilimia 46 tu! Yani zaidi ya nusu ya watu watakaoirusha mara 100 watasema hawajaona kasoro, na sarafu ni mbovu kweli kweli. Ukirusha mara 200 uwezekano unapanda hadi kama asilimia 79, sarafu ni ileile, kilichobadilika ni ukubwa wa sampuli peke yake. Huo uwezekano wa kuikamata ndo wanaita nguvu ya jaribio, na ilibidi uipigie hesabu kabla hujakusanya data.

Kwa hiyo andika kwamba data haikutosha kuikataa nadharia ya sifuri, taja p ni 0.08, wastani wa kila kundi, tofauti kati yao na wanafunzi walikuwa wangapi, ili msomaji apime mwenyewe kama sampuli yako ilikuwa na uwezo wa kuiona hiyo tofauti. Na tafadhali sana, usikisogeze kikomo kiwe 0.10 sasa hivi eti kwa sababu jibu umeshaliona.