Ngome na matamasha ya kale Ulaya: jibu kwa mkuu anayekuja Munich na mkewe

Mkuu, umesema wewe na shemeji mnakuja kwa dada yako Munich Julai 2027, mnapenda ngome na matamasha ya enzi za wapanda farasi wa deraya (mavazi ya chuma ya vitani), na unataka kujua yapi yana maana na yapi ni ya kukamua watalii. Halafu ukauliza kwa kujizungusha kidogo: mtu mweusi akijichomoza humo anapokewaje? Nitafika huko.

Mimi na mama watoto tunaishi kusini mwa Ujerumani. Mimi nafanya kazi za ujenzi, yeye ni fundi cherehani, na kiangazi tukipata upenyo huwa tunazunguka sehemu hizo. Kwa hiyo yapokee haya kama maneno ya mwashi na mshonaji. Wanahistoria humu wapo, watasahihisha.

Kwanza una bahati ya mtende. Mji wa Landshut, chini ya saa moja kwa treni kutoka Munich, una tamasha linaloitwa Landshuter Hochzeit, yaani Harusi ya Landshut. Hufanyika kila baada ya miaka minne, na zamu inayofuata ndiyo hiyo 2027 (korona iliwavurugia ratiba, la 2021 likasogezwa hadi 2023). Wanaigiza harusi ya kweli ya mwaka 1475: Georg, mtoto wa mtawala wa Bavaria-Landshut aliyeitwa Ludwig Tajiri, alimwoa Hedwig, binti wa mfalme wa Poland. Bi harusi alisafiri kama miezi miwili kutoka Kraków. Kaizari Friedrich III mwenyewe alihudhuria, na watu wa mji walilishwa kwa gharama ya mtawala wiki nzima. Ukisikia ubwabwa wa bure, ndio huo.

Wenyeji walianza kuiigiza mwaka 1903, na wanaoigiza ni wao wenyewe, zaidi ya watu 2000. Mawigi hayaruhusiwi. Wanaume na watoto wa kiume hufuga nywele, kwa hiyo miezi kadhaa kabla ya tamasha ukipita mjini unamkuta karani wa ofisi kavaa tai na nywele zimemfika mabegani, na hakuna anayemshangaa. Saa ya mkononi marufuku, miwani marufuku, hata asiyeona mbali anaandamana hivyo hivyo akiona ukungu. Matamasha mengine huajiri kampuni za maonyesho zinazozunguka na malori. Landshut wanafanya ya kwao, sisi wengine tunachungulia tu.

Tulisimama karibu kabisa na njia ya maandamano. Mimi nilikuwa naangalia farasi na mikuki, mama watoto akanivuta shati: "Angalia bega la yule dada." Mkono wa gauni ulikuwa umeshonwa peke yake, kisha ukafungwa begani kwa kamba nyembamba, na shati jeupe la kitani likajitokeza kwenye uwazi kama limevimba. Akasema ndiyo maana yule binti ananyanyua mikono juu kabisa na gauni halipandi kiunoni. Tangu siku hiyo nikienda naye tamashani huwa najua nitapewa semina ya kwapa na pindo, na kusema kweli naipenda.

Kuhusu harusi yenyewe, fuatilieni hadi mwisho wake. Baada ya shamrashamra zote zile, Hedwig aliishi zaidi Burghausen, kwenye ngome iliyo juu ya mto Salzach mpakani na Austria. Ina urefu wa mita 1051, ndiyo ndefu kuliko zote duniani. Hawakuacha mrithi wa kiume aliyeishi, na mumewe alipofariki mwaka 1503 ndugu wakapigana vita juu ya mirathi. Tulipotembea Burghausen, ua baada ya ua, mama watoto alinuna. "Walimlisha kaizari, halafu wakamleta bi harusi huku." Nendeni Landshut kwanza, kisha Burghausen. Mkigeuza, Burghausen itakuwa ukuta mrefu tu.

Sasa Neuschwanstein, ile yenye minara myeupe kwenye kalenda zote. Dada yako atawapeleka hata mkikataa. Jueni tu kwamba siyo ngome ya zamani. Mfalme Ludwig II alianza kuijenga mwaka 1869, ikawa haijaisha alipofariki mwaka 1886, na wiki chache baadaye wakaanza kuingiza watu kwa tiketi. Kuta ni za tofali, mawe yamebandikwa kwa nje. Ndani kuna mfumo wa hewa ya moto na maji ya bomba. Ukumbi wa kiti cha enzi upo, kiti hakikuwahi kuwekwa. Kama jengo la karne ya 19 linavutia, ila unaingia kwa dakika iliyoandikwa kwenye tiketi, unasukumwa chumba hadi chumba, na picha ndani hairuhusiwi. Mtazamo wa kutoka kwenye daraja la Marienbrücke ndio unaolipa safari. Zaidi ya hapo sina la kuwaambia.

Mkitaka ngome yenyewe hasa, nendeni Burg Eltz, karibu na mto Mosel. Ni mbali na Munich, mtalala njiani. Iko mikononi mwa ukoo mmoja tangu karne ya 12 na haikuwahi kubomolewa. Majeshi ya Ufaransa yalipokuwa yanabomoa ngome za eneo lile miaka ya 1680, mtu wa ukoo huo alikuwa afisa kwenye jeshi la Ufaransa, akaiokoa. Mambo ya kuwa na mtu ndani hayakuanza kwetu!

Eltz ni nyumba ya urithi. Matawi matatu ya ukoo yaligawana ngome moja, kila tawi likajenga upande wake kwenda juu kwa sababu mwamba hauna nafasi ya kutanuka. Ndiyo maana inaonekana kama majumba kadhaa yaliyobanana. Kwenye ukumbi wa kikao, ukutani kuna vichwa vya wachekeshaji vilivyochongwa, maana yake hapa kila mtu aseme analotaka, na juu ya mlango kuna ua la waridi: yaliyosemwa yaishie humu humu. Nimekaa vikao vingi vya mirathi nyumbani Pangani, na ningelipia hilo waridi kwa pesa yoyote.

Ila mkiniambia nichague sehemu moja tu, nitawavusha mpaka Ufaransa (viza ya Schengen ni hiyo hiyo). Guédelon, kwenye msitu wa Burgundy, wanajenga ngome mpya kwa mbinu za karne ya 13 tu, tangu mwaka 1997. Jiwe linachimbwa palepale kwenye machimbo, miti ya mwaloni inakatwa msitu huohuo, vigae vinachomwa palepale, na mhunzi yupo kazini kutwa kwa sababu patasi za jiwe zinaisha makali upesi. Walipoanza walipata ruzuku, siku hizi wanaendeshwa na viingilio vya wageni.

Nilisimama mbele ya gurudumu lao la kupandishia mawe kama mtoto mbele ya sarakasi. Ni gurudumu kubwa la mbao, mtu anaingia ndani na kutembea, kamba inajiviringisha kwenye mhimili, na jiwe ambalo wanaume wanne wangelitolea jasho linapaa taratibu hadi juu ya mnara. Mwashi wa juu ananyoosha mkono tu. Pembeni kijana alikuwa anapima pembe ya chumba kwa kamba yenye mafundo 13, nafasi 12 kati yake. Akaivuta pembetatu: tatu, nne, tano. Nikacheka peke yangu, maana ndivyo nilivyofundishwa kuweka mraba wa msingi kule Tanga, kwa uzi na vigingi, na mzee aliyenifundisha hakuwahi kuona Ufaransa hata kwenye picha.

Tulichozungumza zaidi na kijana huyo ni chokaa. Wao hawatumii saruji. Chokaa inakomaa polepole kwa kuvuta hewa na baridi kali huiharibu, kwa hiyo majira ya baridi panafungwa. Nikamweleza kwamba pwani yetu chokaa ilichomwa kutoka kwenye matumbawe, ndiyo iliyoshikilia misikiti na majumba ya Kilwa. Aliacha mwiko chini akaniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi, huku mama watoto akitafsiri. Pale unaruhusiwa kuwauliza mafundi, ni sehemu ya kazi yao. Na msiwachukulie kama waigizaji: kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilipoungua mwaka 2019, baadhi ya maseremala waliopitia Guédelon walishiriki kuchonga upya boriti za paa kwa shoka. Usafiri wa umma kufika huko ni shida, kodini gari.

Masoko ya kuigiza enzi za kati, yaani enzi hizo za wapanda farasi wa deraya, mtayakuta kila wikendi ya kiangazi, kila mji. Zumari za mfuko, pombe ya asali, mikate ya tanuri. Yamefanana. Nendeni moja, inatosha.

Kuhusu rangi yetu. Mtaangaliwa, ndiyo. Landshut bibi mmoja alituuliza tumetoka nchi gani, kisha akatusogezea nafasi mbele tuone vizuri. Kwenye soko moja dogo kijana aliyelewa alituambia wakati ule watu kama sisi hatukuwepo huku. Mama watoto akatoa simu akamwonyesha picha aliyoipiga kanisa kuu la Magdeburg: sanamu ya Mtakatifu Moritz, ya karne ya 13, mwanajeshi Mwafrika mwenye pua na midomo kama ya mjomba wangu, kavaa deraya ya minyororo. Kijana akaiangalia, akaomba atumiwe. Magdeburg ni mbali na Munich, ila kama mtafika Berlin, fikeni na Magdeburg.

La mwisho, chakula. Hatuli nguruwe, na masokoni humo nguruwe yuko karibu kila jiko, mpaka kwenye supu ya dengu. Ulizeni kabla ya kuagiza. Mkate wenye jibini na vitunguu upo wa bila nyama, wauzaji wengi wanapenda taslimu, na shemeji akija na kanga begani ajiandae kusimamishwa na washonaji wote wa soko.