Ustadhi kasema mtoto tunayemlea arudishwe kituoni

SWALI: Shekhe, assalamu alaykum. Mimi na mume wangu hatukujaaliwa kuzaa. Miaka saba iliyopita tulimchukua mtoto wa kiume kutoka kituo cha kulelea watoto, kwa idhini ya ustawi wa jamii na ya mahakama. Alikuwa na miaka mitatu. Aliokotwa, wazazi wake hawajulikani. Shahada yake ya kuzaliwa ina jina la mume wangu, na yeye anaamini sisi ndio tuliomzaa. Mwezi uliopita mume wangu alihudhuria darsa, ustadhi akasema kuasili mtoto ni haramu, kwamba mtoto wa kuokotwa huwa ni wa zinaa na baraka haikai nyumba aliyomo, na kwamba akikaribia kubaleghe hana ruhusa kuishi na mwanamke asiye mama yake. Tangu siku hiyo mtoto analala chumba cha nje. Usiku namsikia akilia. Mume wangu ataka tumrudishe kituoni kabla hatujaingia motoni kwa ajili yake. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipofika kwenye hicho chumba cha nje niliiweka chini. Hukumu nitakupa, lakini lipo jambo lisilongoja hukumu: mtoto alale ndani leo. Ana miaka kumi. Aya ya 58 ya Suratu n-Nur inawataja watoto ambao hawajabaleghe na kuwafundisha kubisha hodi nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya sala ya isha. Anayefundishwa kubisha hodi mlango wa chumbani ni mtu anayeishi ndani ya nyumba. Huyo ustadhi akuonyeshe kitabu kinachomlaza mtoto wa miaka kumi uani.

Amesema kuasili ni haramu. Neno hilo lina ukweli nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo iliyomliza mtoto. Kilichoharamishwa ni kumtoa mtu katika nasaba yake na kumpachika nasaba ya uongo. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa wakisimama hadharani na kusema fulani ni mwanangu, kisha anarithi kama wa damu na jina la baba yake linafutika. Hilo ndilo lililovunjwa na aya ya 4 na ya 5 za Suratu l-Ahzab: waiteni kwa baba zao, hilo ni la uadilifu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu, na kama hamuwajui baba zao basi ni ndugu zenu katika dini na watu wenu wa karibu. Itazame aya inavyokwenda. Imemfikiria hasa mtoto kama wako, asiyejulikana babake. Wala haikusema mtoeni. Imesema ni ndugu yenu.

Na tumtazame yule ambaye aya hiyo ilishuka kwa ajili yake. Zayd bin Haritha alikuwa kijana aliyetekwa, akauzwa, akafika nyumba ya Mtume (s.a.w.) kabla ya utume. Baba yake alipomfuata Makka kumkomboa, Zayd akahiari kubaki. Watu wakawa wakimwita Zayd bin Muhammad. Ibn Umar anasema, katika kitabu cha hadithi cha Bukhari, kwamba hawakumwita kwa jina jingine mpaka iliposhuka aya hiyo. Basi siku iliposhuka, Zayd alifukuzwa? Alirudishwa kwa kabila lake? Jina lilirudi kwa Haritha, mapenzi yakabaki pale pale. Mwaka wa 8 Hijria, jeshi lilipokwenda Muta, amiri wake wa kwanza alikuwa Zayd, na huko ndiko alikouawa shahidi. Mwanawe Usama akaitwa kipenzi mwana wa kipenzi. Na wanavyuoni wamelizingatia jambo ambalo mimi kila nikilisoma hunitoa machozi: katika masahaba wote, aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'ani ni Zayd peke yake, katika sura hiyo hiyo, aya ya 37. Aliondolewa jina la kuazima akapewa jina linalosomwa katika sala mpaka Kiyama. Anayeichukua sura hii kumfukuzia mtoto hajaisoma hadi mwisho.

Kafala, yaani kumlea mtoto bila kumpachika nasaba yako, asili ya neno lake imo katika Qur'ani. Maryamu alipokuwa mdogo aliwekwa katika ulezi wa Zakaria, na aya ya 44 ya Suratu Aal Imran inatueleza kuwa watu walishindana kwa kutupa kalamu zao ili ajulikane nani atamlea. Walipigiana kura kumpata mtoto! Sisi leo twafundishwa darasani namna ya kumrudisha.

Kuhusu mtoto wa kuokotwa na baraka, hapa nitasema kwa ukali kidogo, na Mwenyezi Mungu anisamehe nikizidisha. Mwanamke asiyemjua, ambaye huenda alifia uzazini, huenda alikimbia vita, huenda njaa ilimshinda, ustadhi kamtuhumu zinaa mbele ya halaiki bila ya shahidi mmoja, seuze wanne. Na hata ingelikuwa ni kweli, mtoto kafanya nini? Aya ya 164 ya Suratu l-An'am imekwisha kata: mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Fiqhi yetu ina mlango kamili wa mtoto wa kuokotwa, allaqit. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 Hijria, ameandika katika kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, kwamba kumwokota mtoto aliyetupwa ni fardhi kifaya. Maana yake, mtaa mzima ukimpita mtoto huyo wote wamepata dhambi, na akimchukua mmoja amewavua wote. Kwa hiyo wewe na mumeo, kwa miaka saba, mmekuwa mkiwabebea Waislamu faradhi yao. Kisha mnaambiwa nyumba yenu haina baraka.

Nawawi anaongeza jambo ambalo wengi hulipita mbio: ni wajibu, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, aliyemwokota mtoto aweke mashahidi. Kwa nini? Ili asije akageuzwa mtumwa, na nasaba yake isije ikapotea. Na katika Muwatta ya Imamu Malik, mtu mmoja aliyeitwa Sunayn Abu Jamila alimwokota mtoto akampeleka kwa Sayyidna Umar. Umar hakumpongeza papo hapo. Alimhoji kwanza, mpaka msimamizi wake aliposhuhudia kuwa ni mtu mwema. Hapo ndipo alipomwambia aende naye, mtoto ni huru, na matumizi yake ni juu yetu, yaani juu ya hazina ya Waislamu. Basi yule afisa wa ustawi wa jamii aliyewasumbueni kwa maswali, akakagua nyumba, akauliza majirani tabia zenu, msimwone adui wa dini. Alifanya alilolifanya Umar. Msumbufu wa kuogopwa ni yule anayekuletea mtoto usiku bila karatasi wala shahidi, akataka bahasha.

Nije kwenye jambo la umaharimu, yaani nani ni haramu kuoana naye na kwa hiyo huhitaji kujisitiri mbele yake, maana hapo mumeo ana hoja na simlaumu kwa kuwa na khofu ya Mola wake. Ni kweli, mtoto huyu akibaleghe si maharimu wako. Angelikuja mchanga kabla hajatimiza miaka miwili, ukamnyonyesha wewe, mara tano kwa madhehebu yetu ya Shafi, angelikuwa mwanao wa kunyonya, na mlango huo ungefungwa. Wanaofikiria kulea nawashauri walijue hili mapema. Hata dada au mama wa mlezi akimnyonyesha, umaharimu unapatikana, kwani hapo mlezi huwa khalati yake au dada yake. Kwako wewe alikuja na miaka mitatu, wakati umepita.

Najua utaletewa kisa cha Salim. Salim alikuwa mtoto wa kulelewa na Abu Hudhayfa, akakua nyumbani mwake. Iliposhuka hukumu ile ya kuwaita watu kwa baba zao, Sahla bint Suhayl, mke wa Abu Hudhayfa, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) na dhiki hii hii uliyoniandikia, akaambiwa amnyonyeshe ilhali Salim ni mtu mzima. Hadithi iko katika kitabu cha Muslim. Bibi Aisha aliichukua kuwa ni hukumu ya wote. Ummu Salama na wake wengine wa Mtume wakakataa, wakasema ni ruhusa ya Salim peke yake, na jumhuri, yaani wengi wa wanavyuoni, wako upande wao. Mimi pia. Kwa hiyo sikupi kisa hiki kama dawa. Nakupa ukitazame kwa jicho jingine: Sahla alipofika na shida ya kijana mkubwa asiye maharimu ndani ya nyumba, jibu jepesi lilikuwa "mtoe". Halikutolewa. Mtume (s.a.w.) alitafuta njia ya kumbakisha Salim nyumbani.

Njia yako ipo na wala si nzito. Mpaka abaleghe hakuna kilichokatazwa, ila umzoeshe adabu ya kubisha hodi tangu sasa. Akibaleghe utajisitiri mbele yake kama unavyojisitiri mbele ya shemeji yako, naye awe na chumba chake humo humo ndani, na msifungiane mlango wawili peke yenu. Mabusu na kukumbatiana vitapungua, na hilo litauma, silifichi. Lakini kumpikia, kumuuguza, kumkaripia asiposoma, kumpeleka posa, vyote vimebaki. Na ukifikia umri wa kutotarajia ndoa, aya ya 60 ya Suratu n-Nur inakulegezea mavazi ya juu. Kujisitiri ni kwa nguo, dada yangu, si kwa kumfungia mtoto nje.

Sasa niwageukie ninyi wawili, kwa sababu katika barua yako lipo kosa la kweli, na ustadhi kwa kelele zake hakuligusa. Mtoto anaamini ninyi mlimzaa. Mtume (s.a.w.) amesema, kwa riwaya ya Saad bin Abi Waqqas katika Bukhari na Muslim, kwamba anayejinasibisha na asiye baba yake, naye anajua, Pepo ni haramu kwake. "Naye anajua." Mtoto wenu hajui, hana dhambi. Wanaojua ni ninyi. Najua mmeficha kwa huruma, mkichelea atavunjika moyo. Nimekaa na watu wazima wawili kwa nyakati tofauti walioambiwa ukweli matangani, siku ya kugawa mirathi, na ami zao, kwa sauti ya kuwatoa uani. Mmoja aliniuliza: "Shekhe, yule niliyekuwa nikimwombea dua kila sala, baba yangu, ni nani?" Huruma hiyo ilimfanyia nini? Na kuna la kutisha zaidi: asiyejua asili yake anaweza kumwoa ndugu yake wa damu asijue.

Shahada ya kuzaliwa msiichane wala msiifute kwa pupa. Nendeni mahakamani au kwa mwanasheria muulize kama amri yenu ya kuasili inaweza kugeuzwa kuwa ya ulezi, au kama sheria ina mlango wa kafala. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 20, unaitaja kafala ya Kiislamu kwa jina lake, sambamba na malezi ya kambo na kuasili, kwa hiyo hamtakuwa mnaomba kitu cha ajabu. Ikiwa sheria haitoi njia ila hiyo mliyopita, basi msimvue mtoto ulinzi wa karatasi hiyo kabla hajapata mwingine. Andikeni ukweli kwenye waraka mwingine wenye mashahidi, mwiteni kwa jina lake, na msidai nasaba kwa ndimi zenu. Aya ile ile ya 5 ya Suratu l-Ahzab inasema hakuna lawama kwa mliyokosea, lawama ni katika mliyoyakusudia nyoyoni.

Mirathi hatawarithini kwa nasaba. Mumeo anaweza kumwusia mpaka thuluthi ya mali, naye anaweza kumpa hiba akiwa hai na mzima, kiwanja au chochote, akamkabidhi kwa maandishi. Afanye mwaka huu, asingoje kuugua.

Kumwambia mtoto hakutaki kikao cha wazee. Mumeo ndiye aanze, kwa sababu mtoto ametolewa ndani kwa amri yake na hana shaka ameshajiuliza amekosa nini. Amwambie kwanza kwamba chumba cha nje lilikuwa kosa la baba, si la mtoto, na amwombe radhi. Siku nyingine, si usiku ule, mwambieni mlivyompata: alikuwa amevaa nini, aliogopa nini, alikula nini siku ya kwanza mezani kwenu. Kama kituo kina kumbukumbu zozote za alikookotwa, ziombeni mzitunze, ni mali yake. Mama yake aliyemzaa asitajwe kwa ubaya hata mara moja. Msomeeni kisa cha Zayd, na aya yenye jina lake. Atalia, na pengine atawanunia siku nyingi, na huenda akauliza kama mtamrudisha. Hilo swali lijibiwe kila akiliuliza, hata likirudi mara ishirini.

Mwambie mumeo Mtume (s.a.w.) alinyoosha kidole cha shahada na cha kati, akasema yeye na mlezi wa yatima Peponi watakuwa hivi. Amehofia moto kwa ajili ya mtoto huyu, na hofu yake naiheshimu; ila ameelekezwa upande usio wake. Akitaka kuzungumza nami, mimi hukaa msikitini baada ya isha. Aje na kijana.

Wallahu aalam.