Noti ni zilezile, mikono siyo

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako nililisoma juzi usiku umeme ukiwa umekatika, nikalala nalo. Umeandika: "Baba, noti zimeshaandikwa, na piano ni mashine, ukibonyeza inalia. Sasa huyo bingwa anamzidi nini mwenzake?"

Nianze na aibu yangu. Unajua mimi nimekulia kwenye kinanda cha kukanyaga cha parokia. Kile, ukishika noti, inalia mradi miguu inasukuma upepo. Siku ya kwanza kukalia piano, kwenye nyumba ya mapadre hapa Tabora, nilishika noti nne za kuanzia wimbo nikatulia nazo kama nilivyozoea. Zikafifia mikononi mwangu hata mstari haujaisha. Nilidhani nimeharibu chombo cha watu.

Sauti ya piano huanza kufa pale pale inapozaliwa. Kidole hakigusi uzi; kinarusha nyundo iliyovikwa sufu, nayo ikishatoka huna amri nayo tena. Ulicho nacho ni kasi ya kuirusha na wakati wa kuachia, basi. Mtu anayetaka noti sita ziimbe kwa pumzi moja lazima aisikilize ile inayokufa, aipokee na inayofuata pale pale ilipofikia. Akizidisha, unasikia nyundo. Akipunguza, wimbo unakatika. Wengi wetu tunasikiliza noti ikianza. Bingwa anaisikiliza ikiisha.

Pedali ya kulia nayo usidhani ni ya kuongeza sauti. Inanyanyua vile vibao vya sufu vinavyonyamazisha nyuzi, zote kwa pamoja. Ukiikanyaga ukasahau mguu, noti za zamani na mpya zinagombana kama kwaya mbili kanisa moja. Sonata (utunzi wa piano wenye sehemu kadhaa) ya Beethoven ya mwaka 1801, ile watu wanayoiita ya mbalamwezi, mwenyewe aliagiza sehemu ya kwanza yote ipigwe nyuzi zikiwa zimeachiwa. Kwenye piano za enzi zake iliwezekana, sauti ilikuwa inaisha mapema. Piano za leo zinavuma muda mrefu, ukimtii neno kwa neno unapata uji. Ndiyo maana wapigaji wa sasa hukanyaga nusu, au hubadilisha mguu kila mwafaka wa sauti (noti zinazolia pamoja) unapobadilika, wakitafuta ule ukungu alioutaka bila kuuzamisha wimbo. Mguu nao una masikio.

Kuhusu tafsiri ya mpigaji, yaani namna anavyouelewa wimbo, sitakuchosha, mfano mmoja unatosha. Tafuta Glenn Gould wa Kanada akipiga Goldberg Variations, mlolongo wa vipande vya kinanda alivyotunga Bach. Alizirekodi mwaka 1955 akiwa kijana wa miaka 22, akazirudia mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya kufa. Sikiliza ile Aria, wimbo wa kufungulia, tu. Ya kwanza haifiki dakika mbili; ya pili inapita tatu. Karatasi ile ile, mtu yule yule! Kijana anaupitisha wimbo kama anayejua njia. Mzee (ingawa miaka 48 si uzee, usinicheke) anaachia nafasi kati ya noti hadi unaogopa amesahau inayofuata. Pedali anaitumia kidogo sana, kwa hiyo kila noti unaisikia ilipoanzia na ilipoachiwa. Mimi ya pili naipenda zaidi, lakini nikiwa na haraka asubuhi naweka ya kwanza.

Utasikia pia mtu anaguna nyuma ya piano. Ni Gould mwenyewe, alikuwa akiimba huku anapiga. Mama yako alitoka nje na tochi kuangalia nani yuko dirishani.

Vaa zile spika za masikioni, ya simu haikufai. Ukimaliza nipigie, ila iwe baada ya saa mbili usiku; kabla ya hapo nitakuwa mazoezi ya kwaya. Asali ya Sikonge nimempa dereva wa basi, lita tano, kaichukue Jumamosi.

Baba yako