Kuchora kiwanja kwenye skrini: tenganisha mita na pikseli

Programu nyingi za kuchora huvurugika kwa sababu mita na pikseli zimechanganywa humo humo. Mstari huu wa msimbo namba ni mita, mistari mitatu chini ni pikseli, na kila anayerekebisha anaongeza 40 au anatoa 15 mpaka picha ikae. Hifadhi data zote kwa mita, kisha uwe na mahali pamoja tu panapozigeuza kuwa pikseli.

Chukua kiwanja cha mita 40 kwa 25, kichorwe kwenye kanvasi ya kivinjari (eneo la kuchorea ndani ya ukurasa wa wavuti) ya pikseli 800 kwa 600, na ukingo usiopungua pikseli 40 kila upande. Upana unaobaki ni 720. Gawa kwa 40, unapata pikseli 18 kwa mita. Kimo kinachobaki ni 520. Gawa kwa 25, unapata 20.8. Shika iliyo ndogo, 18, iwe skeli ya mihimili yote miwili, x na y. Kila mhimili ukiupa skeli yake, kisima cha duara kitachorwa kama yai. Mchoro utakuwa na kimo cha 450, na pikseli 150 zinazosalia zigawe 75 juu na 75 chini.

Darasani y hupanda kwenda juu. Kwenye skrini nukta (0, 0) iko pembe ya juu kushoto na y huongezeka kwenda chini, kwa hiyo skeli ya y inakuwa hasi:

X = 18x + 40
Y = −18y + 525

Hiyo 525 ni 600 kutoa 75. Pima pembe mbili kabla ya kuendelea: (0, 0) inaangukia (40, 525), na (40, 25) inaangukia (760, 75). Kwenye kanvasi unaandika amri ya setTransform(18, 0, 0, -18, 40, 525), ambayo namba zake sita huitwa matriksi na hugeuza mita kuwa pikseli kwa fomula hiyo, na hapo hapo mambo mawili yataharibika. Mstari wa unene 1 utatoka na pikseli 18, maana unene nao sasa ni mita, weka 1/18. Maandishi nayo yatakuwa makubwa mno na yamepinduka juu chini. Usihangaike kuyapindua. Tafuta mahali pa neno kwa fomula ile ile, rudisha setTransform(1, 0, 0, 1, 0, 0), ndipo uandike kwa pikseli.

Kuzungusha ndiko kunakosumbua zaidi, kwa sababu mpangilio hubadilisha jibu. Nukta (10, 0) ukiizungusha nyuzi 90 kisha ukaisogeza 100 kwenye x, inafika (100, 10). Ukianza kuisogeza ndipo uizungushe, inafika (0, 110). Tena kwenye kanvasi amri iliyoandikwa mwisho ndiyo inayoigusa nukta kwanza. Kuzungusha nyumba katikati yake, andika translate(cx, cy), halafu rotate, halafu translate(-cx, -cy), ambapo (cx, cy) ni katikati ya nyumba, translate ni kusogeza na rotate ni kuzungusha. Pembe ni radiani: nyuzi 90 ni 1.5708, na ukiandika 90 nyumba itakaa upande usioeleweka bila kosa lolote kuonyeshwa.

Mtumiaji akibofya, unahitaji njia ya kurudi: x = (X − 40)/18, y = (525 − Y)/18. Bofyo la (400, 300) linatoa mita (20, 12.5), katikati kabisa ya kiwanja. Kama umezungusha, tumia kinyume cha matriksi nzima. Skeli ikiwa sifuri kinyume hakipo, basi izuie isishuke hapo.

Kukuza picha kwenye ncha ya kipanya kunataka skeli na masogezo (zile 40 na 525) vibadilike pamoja. Kizidishi kikiwa k, sogezo jipya ni m − k(m − la zamani), ambapo m ni mahali pa kipanya. Kutoka 18 hadi 27, k ni 1.5. Kipanya kikiwa (400, 300), 40 inakuwa −140 na 525 inakuwa 637.5. Hakiki: 27 × 20 − 140 ni 400, nukta haijatoka chini ya kipanya. Ukisahau sehemu hii, picha itakimbilia pembeni kila gurudumu likizungushwa.

Hifadhi skeli na masogezo kama namba tatu, ujenge matriksi upya kila unapochora. Ukirundika mabadiliko juu ya yale ya fremu iliyopita, makosa madogo ya desimali hujumlishana na mchoro huanza kuteleza polepole.

Kwenye simu, pikseli moja ya ukurasa mara nyingi ni 2 au 3 za kioo. Zidisha upana na kimo cha kanvasi kwa devicePixelRatio (namba ya kivinjari inayotaja uwiano huo), na namba zote sita za matriksi vile vile, lakini bofyo liache kwa pikseli za ukurasa.